Foni imebaki Kabambare, masikio yamefika Kasongo

Kasongo, Maniema – Kati ya familia zilizotoka teritware ya Kabambare na kupokelewa hapa mjini Kasongo, kuna papa mmoja ambaye majirani wote wanamwita fundi, hata kama kazi ya ufundi hana tena. Zamani alikuwa opareta wa foni katika misioni moja kwenye njia ya kutoka Kabambare kwenda Salamabila. Kazi ya mshahara ilikuwa kupitisha habari za misioni: dawa zimekwisha, padri anakuja, mgonjwa anasafirishwa. Kazi ya roho yake ilianza pale ile ya mshahara ilipoisha. Usiku, foni ikisha kuzimwa, alifungua redio yake ndogo ya masafa mafupi na kutafuta sauti za mbali mpaka usingizi umshinde.

Leo foni hana. Redio anayo, ileile, mfuniko wa pile umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kilichobadilika ni saa. Kule kwao usiku ulikuwa wake peke yake. Hapa usiku ni wa watu kumi na wanne wanaolala katika vyumba viwili, na mchana ni wa jembe la watu wengine.

Vijana waliokua na telefoni mkononi huenda hawajui vizuri foni ilikuwa kitu gani. Kabla ya rezo kufika Kasongo, na hata sasa katika vijiji vingi vya Kabambare ambako mtu anapanda kilima ili apate kijiti kimoja cha rezo, foni ndiyo ilikuwa mdomo wa eneo lote. Ni posti ya redio yenye kurusha na kupokea, batri ya gari pembeni, plake ya jua juu ya nyumba, na waya mrefu kati ya miti miwili. Misioni zilikuwa nazo, hospitali, mashirika, wafanyabiashara wa dhahabu na wa mpunga. Watu walipanga mstari kungoja zamu ya kuzungumza na ndugu wa Kindu, Bukavu au Kalemie. Siri haikuwepo. Anayezungumza anasikiwa na kila posti iliyo kwenye masafa hayo, na kila aliye kwenye mstari anasikia pia. Mahari, madeni na vifo vilitangazwa mbele ya watu wote, na opareta, kama ana heshima, alitazama ukutani.

Kwenye kiti hicho ndipo fundi alipojifunza jambo ambalo wengi wanadhani ni bahati au uganga: kwamba saa ndiyo inayoamua nani atakusikia. Mchana, foni ya Kabambare kwenye masafa ya karibu megahezi 7 ilifika Kindu vizuri. Sauti inapanda juu, inagonga tabaka la hewa lenye umeme lililo mamia ya kilomita angani, inarudi chini kama maji ya mvua, na kumwagika juu ya jimbo lote. Msitu na milima havizuii, kwa sababu sauti haipiti katikati yake. Jua likizama, tabaka lile linapungua nguvu. Sauti iliyopanda wima haigongwi tena, inapotelea juu. Ile iliyotoka kwa mlalo ndiyo inayorudi, lakini inatua mbali sana. Ndiyo maana opareta aliyekuwa akisikilizana na Kindu saa sita za mchana alishangaa usiku kusikia watu wa nchi nyingine kabisa, na Kindu kimya.

Mfanyakazi wa kawaida akifika hapo anazima posti na kwenda kulala. Fundi alibaki anauliza: hawa ni nani?

Walikuwa wapenzi wa redio. Duniani kote kuna watu wanaorusha sauti zao si kwa biashara wala kwa siasa, ila kwa kupenda tu, kila mmoja na ruhusa ya serikali yake na herufi zake za kuitwa. Umoja wao wa kimataifa uliundwa Paris tarehe 18 Aprili 1925, na kila mwaka tarehe hiyo ni siku yao. Mwaka 2025 ulitimiza miaka 100. Herufi za mwanzo zinakuambia mtu yuko nchi gani. Kongo yetu imepewa kuanzia 9Q mpaka 9T. Wakati wa Wabelgiji ilikuwa OQ5. Burundi ni 9U, Rwanda 9X, Zambia 9J, Tanzania 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Fundi alizijua zote kwa moyo, sawa na vile mtoto wa sokoni anavyojua bei. Yeye hakuwahi kuwa na ruhusa ya kurusha kwa jina lake. Kurusha bila ruhusa ni kosa, na posti ya misioni haikuwa ya mchezo. Alibaki upande wa kusikiliza, ambao nao una watu wake duniani kote, na una sheria zake zisizoandikwa.

Sheria ya kwanza ni daftari.

Mpenzi wa redio anaandika kila alichosikia: tarehe, saa, masafa, nani alikuwa anaongea, na sauti ilikuwaje. Kwa sauti kuna hesabu ya tarakimu tano, kila moja kutoka 1 mpaka 5: nguvu ya sauti, kuingiliwa na redio nyingine, makelele ya anga, kupanda na kushuka, halafu hali ya jumla. Ukiona 45444 ujue ilikuwa sauti safi. Ukiona 22322 ujue mtu alikuwa ameinama na kuziba sikio moja. Saa nayo inaandikwa kwa saa ya dunia, ambayo kwetu Maniema unapata kwa kutoa mbili. Hapo fundi ana vichwa vitatu: saa kumi na moja ya alfajiri kwa Kiswahili ni 5:00 kwa saa ya ukutani na 3:00 kwa daftari. Na ukisikia Kinshasa wanatangaza saa, ongeza moja, maana nchi yetu ina saa mbili tofauti, magharibi na mashariki. Watu wengi wamekosa matangazo kwa sababu ya hiyo moja.

Vituo vikubwa vya kimataifa vilikuwa vinapokea barua za wasikilizaji wa namna hii, na ukiandika vizuri vinakutumia kadi ya kuthibitisha kwamba kweli uliwasikia. Kadi za fundi zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kopo lilibaki. Walipokimbia, miaka ile jeshi na wanamgambo wa Malaika walipokuwa wanapigana kandokando ya Salamabila na mgodi wa Namoya, mke wake alibeba mtoto na sufuria, yeye akabeba mchele, redio katikati ya mchele, na daftari chini ya shati. Foni ya misioni haikuwa mali yake, na hata kama ingekuwa, mtu mwenye akili hatembei na chombo cha kurusha sauti kwenye njia yenye barieri. Kila upande utauliza unamwitia nani.

Sasa tuingie Kasongo.

Familia iliyowapokea ni ya shemeji. Hawakuwafukuza, hawakuwapangisha, waliwasogezea mkeka. Lakini kila mtu aliyewahi kuishi katika nyumba ya kupokelewa anajua kwamba deni lisilosemwa ndilo zito. Fundi anaamka saa kumi na moja kasoro, anatembea mpaka mashamba ya nje ya mji, analima kibarua mpaka saa nane, anarudi na alichopewa, mara Franka, mara mihogo. Jioni kuna maji ya kuchota, kuna watoto wanaosoma kwa taa moja. Mambo haya hayana nafasi ya mtu anayezungusha kitufe polepole, akitafuta sauti ya Zambia katikati ya makelele.

Miezi ya kwanza aliacha kabisa. Redio ilikaa kwenye mfuko bila pile. Pile zenyewe ni shida ya pili. Kila mtu hapa anajua dawa za pile iliyochoka: kuianika juani, kuigonga kidogo kwenye jiwe. Zinasaidia dakika chache. Hazilishi mtu aliyezoea kusikiliza saa tatu mfululizo.

Alirudi kwenye redio kwa sababu ya makelele ya watu. Januari 2025 Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, na katikati ya Februari Bukavu ikafuata, Kasongo yote ilikuwa na masikio marefu. Katika lupango lile watu walikuwa na ndugu Bukavu, na wengine Uvira na Fizi. Rezo ilipokuwepo, unite hazikuwepo; unite zikipatikana, rezo imeondoka. Wenye WhatsApp walipokea sauti zilizorekodiwa bila jina, bila tarehe, kila moja ikisema mji fulani umeshaanguka kesho yake. Shemeji mwenyewe ndiye aliyesema: “Fundi, si una redio? Nitanunua pile mimi.”

Hapo ndipo siku ilibidi ipangwe upya, na kupanga kwenyewe kunastahili kuelezwa, maana kuna wengine katika nyumba za kupokelewa wenye redio iliyolala mfukoni.

Alifanya hesabu ya mtu maskini: pile mpya zina saa ngapi ndani yake kwa sauti ya chini, na juma lina siku ngapi. Akapata kama saa moja kwa siku. Halafu akauliza anga, siyo watu: saa hiyo moja ikatwe wapi? Jibu alilijua tangu kwenye foni. Karibu na mstari wa Ikweta jua linachomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, na kwenye ukingo huo, giza likikutana na mwanga, masafa ya chini yanasafiri mbali kuliko wakati mwingine wowote. Mchana hewa ya chini inameza sauti za mita 49 na mita 41, usiku zinafunguka. Mita 19 na 16 ni za mchana, na mchana yeye yuko shambani. Basi mchana wa redio akauachilia kabisa.

Saa ikagawanywa mara mbili. Dakika ishirini za alfajiri, kabla ya jembe, na sikio moja la ekuta, ili wanaolala walale. Dakika arobaini za jioni, kuanzia saa moja hivi, nje, kwa sauti ya wazi, ili lupango lote lisikie. Za alfajiri ni zake. Za jioni ni za watu. Haruhusu mtu kuzungusha kitufe jioni, na yeye mwenyewe alfajiri hamwambii mtu alichosikia mpaka atoke shamba. Mke wake anacheka kwamba dakika zile ishirini ndizo pekee anazomwona amekaa vile alivyokaa kwao.

Antene ilileta neno. Redio ya mkononi ina kijiti chake, lakini kwa masafa mafupi kijiti hakitoshi ndani ya nyumba ya mabati. Fundi alivuta waya mwembamba wa shaba, mita kumi upande huu na mita kumi upande ule, kati ya mwembe na pembe ya jiko. Siku ya tatu mkubwa wa avenyu alifika, hana hasira, lakini hakukaa. Watu wamesema kuna mgeni kutoka Kabambare ana antene. Wakati kama huu neno “antene” na neno “mgeni” hayapaswi kukutana katika sentensi moja.

Fundi hakubishana. Alileta redio, akafungua mgongo wake mbele ya mkubwa na vijana wake, akaonyesha: hii ni ya kuingiza sauti, hakuna pa kutolea, hakuna maikro. Akaonyesha daftari. Mkubwa wa avenyu alisoma ukurasa mzima kwa kidole. Aliuliza zile tarakimu tano ni siri gani, akaelezwa. Mwishowe alitaka jambo moja: waya ushushwe mpaka kimo cha kamba ya nguo, na jioni mlango wa lupango uwe wazi, anayetaka kusikia aingie. Ilikuwa hukumu nzuri kuliko ilivyoonekana. Waya ulioshushwa unapokea vizuri tu kwa kazi hii, mama wa nyumba amepata kamba ya pili, na mlango wazi umeua uvumi wa antene bila kikao.

Majira nayo yana sauti yake. Kuanzia Septemba mvua ikirudi, radi inajaza masafa mafupi kwa mikwaruzo. Milima ya mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi kuliko nyingi duniani, na kila mpigo unasikika redioni kama mtu anapasua kitambaa. Wingu likiwa jeusi, waya unachomolewa na kutupwa mbali na nyumba, hata kama habari imefika katikati. Hapo fundi hana mjadala na mtu. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, anga linatulia na dakika arobaini zinatosha. Jua lenyewe pia lina misimu yake ya miaka kama kumi na mmoja, na mwaka 2024 lilikuwa juu kwenye kilele chake. Tarehe 10 na 11 Mei 2024 dhoruba kubwa ya jua, kubwa kuliko zote tangu 2003, ilivuruga masafa mafupi sehemu nyingi za dunia. Fundi, ambaye siku hizo alikuwa amepata pile za kuazima ili ajaribu tu, alizirudisha kwa mwenyewe akisema ni mbovu. Wamekuja kucheka baadaye.

Kimya kingine hakikutoka kwenye jua. Katikati ya Machi 2025 Sauti ya Amerika, ambayo Kiswahili chake kilikuwa kwenye daftari la fundi kwa miaka na miaka, ilinyamaza baada ya uamuzi wa serikali ya Marekani. Kwenye daftari kuna mistari iliyoandikwa masafa na saa, halafu nafasi tupu, siku moja, mbili, tano. Alidhani ni anga. Akabadilisha saa, akabadilisha waya. Habari yenyewe aliisikia kwa kituo kingine. Wazee wa lupango walikasirika kama mtu aliyefungiwa duka la jirani, maana kuna waliokuwa wanapanga chakula cha jioni kwa saa ya kipindi. Zamu ya jioni ikabidi ihamishwe. Siku hizi inaanza na BBC au Deutsche Welle pale wanaposikika, Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikiwa kongwe tangu 1957 na ya Wajerumani tangu 1963. Mambo ya nchi yenyewe yanatafutwa kwa Radio Okapi, ambayo tangu 25 Februari 2002 inasema kwa Kifaransa na lugha zetu nne, na redio za hapahapa ndizo zinazotaja majina ya vijiji vyetu. London na Bonn hawatakuambia habari za Wamaza.

Na hapo ndipo palipo uzito wa jambo hili lote, maana habari kwa mtu aliyekimbia si ya kuburudika. Ni ya kuamua. Nirudi kuvuna au niache mpunga uliwe na ndege? Mtoto aende shule hapa au tungoje? Mtu anayeamua kwa neno la “redio imesema” anaweza kurudi kijijini juma moja mapema mno.

Mama mmoja wa Kabambare, mjane, alifika lupangoni jioni moja akiwa na mizigo imefungwa tayari.

“Papa fundi, wanasema redio imetangaza kwetu vita imeisha.”

Fundi hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza maswali ya mpenzi wa redio, yaleyale ya daftari: “Mama, redio ipi? Saa ngapi? Nani alikuwa anaongea?”

Mama alisikia kwa jirani, jirani alisikia sokoni. Fundi alifungua daftari kurudi nyuma siku nne. Kulikuwa na mstari: kituo, saa, sauti nzuri, kiongozi mmoja akizungumza kutoka Kindu kwamba kumekuwa na kikao cha usalama na kwamba watu wanaombwa kurudi mashambani. Hakutaja kijiji. Hakusema vita imeisha. Siku mbili baadaye mstari mwingine: mkaaji wa eneo, kwa telefoni, sauti mbaya, akisema barieri bado ziko njiani. Fundi alimsomea yote mawili, polepole, pamoja na saa. Hakumpa shauri. Mama alikaa juu ya mizigo yake muda mrefu. Kisha akasema atamtuma kwanza kijana wake mkubwa na baiskeli, afike mpaka Wamaza aulize, yeye na watoto wangoje soko mbili.

Tangu siku hiyo daftari limeongezwa mstari wa wima ambao hauko kwenye daftari za wapenzi wa redio wa Ulaya: “nani amesema, na alikuwa wapi”. Aliyekuwa pale ana alama moja. Aliyeambiwa na aliyekuwa pale ana alama nyingine. Aliyetangaza kutoka ofisini ana ya tatu, na si lazima anasema uongo, lakini yuko ofisini. Sauti za WhatsApp zisizo na jina haziandikwi kabisa. Vijana walilalamika kwamba ndizo tamu. Haziandikwi.

Wengine wamemwomba apitishe pia salamu, kama zamani za foni: mtafute ndugu yangu, mwambie mtoto amezaliwa. Hilo hawezi, na anasema hivyo bila kuzunguka. Redio yake haina mdomo. Anawaelekeza kwa Msalaba Mwekundu, ambao una karatasi za kupeleka habari za familia: unaandika habari za nyumbani tu, bila siasa wala mambo ya jeshi, karatasi inabaki wazi, na anapelekewa mtu aliyepotezana nawe. Ni polepole. Inafanana na kadi za vituo vya zamani kwa jambo moja, kwamba ikirudi imejazwa unajua kwa hakika yule wa upande mwingine alikusikia.

Kwa upande wake mwenyewe, kitu kimoja kimekatika na hakijarudi. Zile saa za usiku za kutafuta bila kutafuta kitu, kusikia 5H anazungumza na 9J juu ya hali ya hewa na uzee, bila faida kwa mtu yeyote, hazina nafasi katika pile za shemeji. Pile zimenunuliwa kwa habari. Fundi anajua hivyo na hazitumii vinginevyo. Jumapili tu, kama juma halikuwa na mambo makubwa na dakika chache zimebaki, anatoka alfajiri, anashusha mpaka megahezi 7, na kusikiliza wapenzi wenzake wakiitana. Dakika tano, sita. Haziandiki kwa kalamu ya daftari. Anaziandika nyuma, kwenye ukurasa wa mwisho, kwa kalamu ya risasi.

Mwezi huu mambo yanageuka tena. Shemeji anataka kujenga chumba cha tatu pale waya unapopita, na msimu wa kupanda umeanza, kwa hiyo kibarua sasa kinaondoka saa kumi na nusu. Dakika ishirini za alfajiri hazipo. Fundi amemfundisha binti wa shemeji, wa darasa la sita, kuandika daftari la jioni, ili yeye akichelewa kutoka shamba watu wasikose. Binti anaandika vizuri kuliko yeye, ila anasahau kutoa mbili. Kijana wa yule mama wa Kabambare hajarudi bado. Soko la pili ni Jumamosi. Na mstari wa jana jioni, kwa mwandiko wa binti, unasoma hivi: saa 19:04, Okapi, sauti 32333, habari za Fizi, aliyesema yuko Uvira, radi imekaribia, tumechomoa waya.